Baba Yako Haovateki

Jumapili, 8 Machi

Miezi mitano. Nimehesabu kwa vidole vya mkono mmoja, vimekwisha. Najua unaisoma shajara hii kila ukija. Unajifanya unatafuta pini kwenye droo ya cherehani, unakaa humo nusu saa, unatoka na machozi ya kucheka na pini hujaipata. Basi soma. Ila mjukuu anayekaa miezi mitano bila kuja kumwona bibi yake haruhusiwi kucheka kabla ya ukurasa wa pili. Huko hospitali unakofanya kazi wanakulisha? Mara ya mwisho shingo yako ilikuwa kama ya kuku wa mvua.

Haya, habari. Jana ilikuwa siku ya soko. Tumefika saa mbili na robo, watu wote wameshapanga vitu. Nimewekwa mwisho kabisa, kando ya wauza kuku. Kuku wamekula miche tisa ya nyanya. Mmoja alikula huku ananitazama machoni.

Mwenye makosa ni baba yako. Simsengenyi. Hii ni shajara, humu hakuna kusengenya. Mkwe wangu ni mtu mwema, hajawahi kuniinulia sauti, na mama yako anakula na kushiba. Lakini miaka ishirini na sita aliendesha gari la maiti. Sasa amestaafu, amenunua pikapu, ananibebea miche yangu. Yeye amestaafu, mguu wake bado uko kazini. Unakanyaga mafuta kama unaomba radhi.

Na haovateki. Hajawahi kuovateki tangu kuzaliwa. Ukimuuliza, anasema katika kazi yake hakuna abiria aliyewahi kulalamika kwamba amechelewa.

Jana tulikaa nyuma ya mzee wa mafagio toka kwenye tangi la maji mpaka kwenye tanuri la matofali. Unamjua, yule mwenye goti bovu anayesukuma mkokoteni. Mkokoteni, mjukuu wangu. Hauna hata injini. Nikamwambia baba yako apite. Akasema mbele hakuonekani vizuri. Mbele kulionekana mpaka Jumatatu.

Wakati tumekaa pale tunatazama mafagio, akatupita Bi Miwani. Muuza miche mwenzangu, kama umesahau, yule anayevaa miwani myeusi hata ndani ya nyumba. Anaendeshwa na mpwa wake, ambaye anaendesha kama amefukuzwa na nyuki. Bi Miwani alinipungia vidole vitatu dirishani, kama mtu anayetia chumvi kwenye sufuria ya mwenzake.

Sasa sikiliza kilicho kikubwa. Msimamizi wa soko ametangaza kwamba Jumamosi ya tarehe 28, saa mbili kamili, atapita na kopo la rangi. Kila aliyefika atachorewa namba chini, kwa mpangilio wa kufika. Namba hiyo ni yako mwaka mzima. Namba moja iko langoni, chini ya kivuli cha ukuta, hatua nne kutoka kwenye bomba. Namba ya mwisho iko kwa kuku.

Mwaka mzima na kuku yule anayenitazama. Nimesema hapana.

Jumatatu, 9 Machi

Kabla hujasema kwamba bibi yako anapenda mwendo wa hatari, kumbuka nimetoka wapi. Shuleni sikukanyaga. Kusoma nimejifunzia kwenye migongo ya malori. Babu yako alikuwa dereva wa lori, mimi nakaa pembeni yake, na kila gari lililokuwa mbele lilikuwa na maandishi nyuma. Jina la mwenye gari, uzito, maneno ya kumshukuru Mungu, maneno ya kutukana majirani. Yeye ananisomea, mimi nashika. Ilibidi nishike upesi, maana babu yako hakukaa nyuma ya mtu. Herufi tatu, tumeshapita. Ndiyo maana mpaka leo miisho ya maneno inanisumbua.

Kwa baba yako nimesoma tela moja kuanzia tarehe ya kutengenezwa mpaka misumari. Nikamaliza. Nikarudia.

Na babu yako, mtu aliyeyapita malori yote ya dunia hii, alifia kitandani kwa kifua, mkono wake ndani ya wangu. Sasa hiyo hatari ya kuovateki iko wapi? Vitanda ndivyo vya kuogopa.

Jumatano, 11 Machi

Nimepata dawa. Baba yako anasema haoni mbele. Basi mimi nitakuwa macho yake.

Jumamosi nitasimama nyuma ya pikapu, katikati ya miche, nimeshika chuma. Kutoka huko juu naona barabara yote. Nitafunga kamba kwenye mkono wake wa kushoto, ipite kwenye kidirisha cha nyuma. Nikivuta mara moja, apite. Nikivuta mara mbili, atulie. Na mkononi nitakuwa na kitambaa chekundu cha kupunga mbele, ili ajue kwa yakini kwamba njia ni nyeupe.

Nimemweleza. Akamaliza tonge lake, akauliza kama nimemwambia mama yako. Nikamjibu kwamba mama yako nimemzaa mimi, si yeye aliyenizaa.

Jumamosi, 14 Machi

Nakuandikia mara moja tu, kisha tusirudie jambo hili.

Kwenye tangi la maji tukamkuta mzee wa mafagio, kama kawaida. Nikatazama mbele, hakuna hata kuku. Nikavuta kamba mara moja. Baba yako akasimamisha gari, akashuka, akaja nyuma kuniuliza kama nilikuwa nimemwita.

Nikamrudisha kwenye usukani. Nikavuta tena. Akasimama tena. Anasema mkono wake ukivutwa, mguu unakanyaga breki wenyewe, ni mazoea ya kazi. Kule madereva walikuwa wanavutwa shati na wafiwa wanaotaka kuteremka.

Nikaacha kamba, nikatumia kitambaa. Nikapunga mbele kwa nguvu zangu zote. Pita. Pita. Pita. Na wakapita. Walipita wote waliokuwa nyuma yetu. Waliona kitambaa chekundu na mama mzima anawaruhusu, wakatii. Lori la mchanga, basi la shule, pikipiki mbili, muuza viazi. Bi Miwani alipita akiwa ameshusha kioo, akanishukuru kwa heshima zote, akaniambia Mungu anizidishie. Vyombo vya moto kumi na vinne, mjukuu wangu, vimenipita kwa idhini yangu mwenyewe.

Kuku wamekula miche sita. Yule mmoja naona amenenepa.

Jumapili, 15 Machi

Mama yako amekuja kunisuka. Akiwa ameshika kichwa changu, mahali ambapo siwezi kukimbia, akasema jambo hili ni jepesi. Tutoke nusu saa mapema. Baba yako yuko tayari kutoka saa yoyote, hata saa kumi na moja na nusu, amesema mwenyewe. Mzee wa mafagio naye Jumamosi ya rangi atatoka mapema, ametangaza.

Nikamwambia aache kunivuta nywele.

Miaka yote natoka saa moja kamili. Naamka, namwagilia, nakunywa chai yangu vikombe viwili, nafunga mlango, saa moja. Mtu anayetoka nyumbani kwake mapema kwa sababu ya mkokoteni ameshakubali kwamba mkokoteni ni bora kuliko yeye. Mimi sijakubali. Tatizo liko barabarani, mbona turekebishe chai?

Mama yako akafungua mdomo aniletee ule msemo wa haraka ambao kila mvivu anaujua. Nikautoa mdomoni mwake kabla haujafika. Nikampa ndizi mahali pake. Amekonda naye. Mnakula nini nyinyi?

Jumanne, 17 Machi

Nimebadilisha dereva.

Si kwa ubaya. Kwa Jumamosi moja tu, majaribio. Nimezungumza na muuza maziwa, yule mwenye gari jeupe lililofungwa, anayepita hapa saa moja na dakika tano na hajawahi kukaa nyuma ya mtu. Amesema nafasi ipo, nikae mbele, miche ikae nyuma na madumu. Nikamuuliza kama anaovateki. Akacheka. Akasema mama, mimi hata nikiwa peke yangu barabarani naovateki.

Huyo ndiye mtu.

Baba yako nimemwambia nataka kumpumzisha. Akasema sawa, mama. Akaenda kuosha pikapu ambayo haikuwa chafu. Aliosha mpaka magurudumu, mpaka ndani ya magurudumu.

Nimemchungulia dirishani. Sikupenda mabega yake. Nimempelekea chai.

Jumamosi, 21 Machi

Tumefika saa moja na dakika thelathini na mbili. Wa kwanza. Lango lilikuwa bado limefungwa na msimamizi yuko na mswaki mdomoni.

Hiyo ndiyo habari njema. Habari nyingine ni hizi.

Kwanza, leo si siku ya rangi, kwa hiyo kuwa wa kwanza hakukunisaidia kitu. Pili, miche ilifika kwenye madumu ya maziwa na maziwa yalifika kwenye miche. Tatu, muuza maziwa amesema hatanibeba tena, hata nikiwa naumwa, hata nikiwa nimezaliwa upya.

Hana shukrani. Alikuwa analipita lori la mbao pale kwenye kona ya tanuri, na mbele kukatokea gari jingine linatukabili, taa zinawaka. Mimi sikuogopa. Nilifumba macho kwa sababu ya vumbi. Ndiyo, madirisha yalikuwa yamefungwa, lakini mimi najua vumbi. Nikashika kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, na kumbe kilikuwa breki ya mkono. Nikakivuta. Kwa nini wanaweka kitu kama hicho mahali ambapo mtu anaweza kukishika?

Tulizunguka, mlango wa nyuma ukafunguka, miche mingine ikamwagika kwenye kona. Tulipomaliza kuzunguka tulikuwa tunatazama tulikotoka, na lori la mbao lilikuwa limeshakwenda zake. Muuza maziwa akazima injini. Kisha akaniambia mama, wewe unataka gari lipite au hutaki? Nikamwambia nataka. Akasema hapana, mama, wewe unataka kufika mbele. Kupita hutaki.

Maneno ya mtu aliyemwaga maziwa.

Jumapili, 22 Machi

Baba yako amekuja na ndoo. Amepita barabara yote kwa miguu tangu asubuhi, akaokota miche yangu iliyomwagika kwenye kona. Ishirini na miwili imepona. Ameipanda tena kwenye makopo, moja moja, kwa vile vidole vyake vikubwa. Hakusema neno lolote la nilikwambia.

Mtu wa namna hiyo anaudhi sana.

Nikamkalisha. Nikamwambia leo nataka jibu. Miaka yote hii, kwa nini unaendesha hivi? Watu wengine wameendesha magari ya maiti, na wakistaafu wanakimbia kama wengine.

Akazungusha kikombe. Akasema, lakini mama, uliniagiza wewe.

Nikamuuliza lini.

Akasema siku aliyombeba babu yako. Alikuwa kijana, ana wiki tatu kazini, na mwenye gari alikuwa amemwambia akaze mwendo kwa sababu kulikuwa na msiba mwingine mchana. Nikapanda mbele pembeni yake. Tulipofika kwenye tangi la maji nikamshika mkono nikamwambia: mwanangu, nenda polepole. Mume wangu amekimbia maisha yake yote, na mimi sina haraka ya kuwa peke yangu. Akaenda polepole. Magari yakajaa nyuma mpaka mwisho wa macho, hakuna aliyepiga honi, hakuna aliyetupita. Nyuma kule kulikuwa na msichana analia, akawa anamtazama kwenye kioo. Huyo ndiye mama yako.

Tangu siku ile, anasema, kila akinipakia anausikia mkono wangu pale pale. Anasema sijawahi kumwambia kwamba agizo lile limekwisha. 

Nilikwenda jikoni kukata vitunguu. Havikuwapo vitunguu, lakini nilikata.

Niliporudi nikamwambia agizo lile lilikuwa la siku moja, kwa mtu ambaye hakuwa na soko la kwenda. Akasema sawa, mama. Nikamwekea chakula mara mbili. Akala chote.

Ni baadaye, nafunika makopo, ndipo maneno yake yaliponirudia. Hakuna aliyepiga honi. Hakuna aliyetupita.

Alhamisi, 26 Machi

Mjukuu wangu, bibi yako ana akili ambazo shule ingeziharibu.

Nisikilize. Shida yetu ni kwamba baba yako hawezi kupita watu, na watu wanampita yeye. Sasa gari gani barabara nzima halipitwi? Na likitokea, malori yanakaa pembeni yenyewe? Huhitaji kuovateki kama kila mtu anakupisha.

Nimekwenda kwa mwenye magari ya mazishi, bosi wa zamani wa baba yako. Nimemkuta analalamika kwamba lile gari la zamani limefungwa gia mpya na hana mtu mwaminifu wa kulifanyia majaribio barabarani. Nikamwambia ninaye. Jumamosi saa moja. Na kwa kuwa litakuwa tupu, si vibaya likibeba makopo machache ya miche, maana lina paa na mapazia, na miche yangu inaungua na jua. Akasema mama, hata makopo mia. Tumekubaliana kama watu wazima.

Ijumaa, 27 Machi

Baba yako ameniwekea masharti. Ametoa vidole viwili, kwa hiyo masharti mawili. La kwanza, asimdanganye mtu yeyote. Akiulizwa kuna nani nyuma, anasema ukweli. La pili, mimi nisiseme kwa mtu yeyote kwamba kuna aliyefariki.

Nimeapa. Sitasema neno. Na sisemi uongo kwako wala kwake: sitasema neno.

Nimefua lile gauni jeusi. Jeusi halionyeshi udongo. Nimetoa mtandio mweusi wa kujifunika uso, kwa ajili ya vumbi. Miche yenye maua meupe haitaenea ndani, kwa hiyo itafungwa juu ya paa. Kama mtu ataona gari hilo na kuwaza mambo yake, mimi mawazo ya watu siyaongozi.

Mama yako amekuja jioni. Ametazama gauni, ametazama mtandio, ametazama maua. Akasema kwa sauti ndogo: mama, nusu saa tu. Mzee wa mafagio amesema kesho anatoka saa kumi na moja na nusu.

Nikamwambia goti lake, shauri yake.

Jumamosi, 28 Machi

Tulitoka saa moja kamili. Chai vikombe viwili.

Ah, mjukuu wangu, ungeona. Baba yako alikaa kwenye ule usukani kama mfalme aliyerudishiwa kiti. Mgongo umenyooka, mikono miwili. Mwendo ni ule ule, lakini dunia imebadilika. Lori la mchanga likasogea kwenye majani likasimama. Mwenye pikipiki akazima injini. Wanaume wakavua kofia. Niliinamisha kichwa kidogo kulia na kidogo kushoto, bila kusema neno, kama nilivyoapa.

Kwenye tangi la maji nikasikia nyuma yetu ile honi ya mpwa wa Bi Miwani. Anakuja kama kawaida yake. Kisha honi ikakatika katikati. Nikachungulia kwenye kioo. Amepunguza mwendo. Amewasha taa. Amekaa nyuma yetu na kofia amevua. Nyuma yake muuza viazi, taa zimewaka. Nyuma yake wauza kuku, taa zimewaka. Magari ishirini na moja, wauzaji wote wa huku mlimani, na hakuna hata mmoja wa kunipita. Nilikuwa na raha ambayo mtu wa umri wangu hapaswi kuipata asubuhi.

Karibu na tanuri tukamkuta mzee wa mafagio. Goti lilikuwa limemkamata, amechelewa pia. Akasogeza mkokoteni pembeni, akasimama wima na fagio moja mkononi kama askari. Na tukampita. Baba yako ameovateki. Nilimpiga begani kwa furaha. Akasema hajaovateki, mtu alikuwa amesimama.

Ilikuwa saa moja na dakika hamsini. Njia panda ilikuwa pale mbele. Soko upande mmoja, makaburi upande wa pili.

Pale njia panda alikuwapo trafiki. Kijana safi, mwenye adabu, mama yake amemlea. Alipotuona akapiga saluti, akasimamisha magari ya pande zote, akapanda pikipiki yake na kututangulia. Kwenda makaburini.

Nikamwambia baba yako akunje kona kwenda sokoni. Akasema trafiki ameelekeza. Nikamwambia mweleze. Akasema nimweleze nini, mama? Nikatafuta neno. Nilikuwa nimeapa kutosema neno, na hata kama nisingeapa, hakukuwa na neno. Na ule usukani, nakuambia, ulikunja wenyewe. Miaka ishirini na sita umekunja pale.

Wote wakakunja nyuma yetu. Ishirini na moja.

Wachimba makaburi walipotuona wakaanza kugombana, kila mmoja anamuuliza mwenzake kwa nini hakuambiwa. Watu wakashuka, wakajipanga. Mtu akaanzisha wimbo. Nikakaa ndani ya gari nikiomba liote mizizi.

Ndipo nikamsikia mtu analia. Si kilio cha kusaidia wenzake, kilio chenyewe, cha pua. Bi Miwani. Amevua miwani, ni mara ya kwanza nayaona macho yake, ni mazuri, sijui anayaficha kwa nini. Amekumbatia mlango wa nyuma wa gari na anawaambia watu kwamba alijua tu, alipomwona mkwe usukanini na maua yangu juu ya paa, moyo ukamwambia. Kwamba Jumamosi iliyopita ameniona nimekaa langoni baada ya lile gari la maziwa, nimekuwa mweupe kama maziwa yenyewe. Kwamba amenipungia vidole vitatu miaka minane na hajawahi hata siku moja kunipungia mkono mzima.

Alikuwa ananililia mimi.

Sasa mtu afanye nini? Nilishuka. Nikamgusa bega, nikamwambia basi, dada yangu, mimi hapa.

Alipiga yowe ambalo lilimwangusha mchimba kaburi mmoja. Kisha akanishika uso, akanipapasa, akahakikisha. Kisha akanipiga na mkoba wake. Mara tatu. Ndani ya mkoba kulikuwa na mawe ya mizani.

Trafiki akauliza marehemu yuko wapi. Baba yako, mtu asiyejua kudanganya hata kwa dawa, akafungua mlango wa nyuma. Makopo arobaini ya nyanya na pilipili, yamekaa kimya kwenye mapazia. Akasema marehemu hayupo, afande. Mama mkwe alitaka kuwahi sokoni.

Sitaandika walichosema watu. Mama mmoja alinirushia kiazi.

Wakati wanasema, nikasogea kidogo. Mstari wa pili, karibu na ukuta, ndipo babu yako alipo. Nilimkuta baba yako ameshafika kabla yangu, amechimba kwa vidole, anampandia mche mmoja wa maua meupe. Alikuwa hana haraka. Nikasimama naye pale. Nikamwambia babu yako kwamba sikai, nina soko. Nadhani alicheka. Ningekuwa mimi ndiye niko chini, ningecheka.

Trafiki hakutuandikia kosa. Alisema hajui hata aliandike vipi. Alitoa amri moja: magari yote yatoke, yaliyokuwa nyuma yatangulie, na gari letu litoke la mwisho kabisa, na asituone tunampita mtu. Baba yako akamwambia kwa hilo asiwe na wasiwasi.

Tumefika saa mbili na dakika arobaini. Kopo la rangi limeshakauka.

Namba moja, langoni, kivulini, hatua nne kutoka kwenye bomba: mzee wa mafagio. Mafagio! Vitu vimekauka tangu vizaliwe, kivuli ni cha nini? Amekaa amenyoosha goti lake, ameniamkia vizuri, akanipa pole ya msiba.

Namba ishirini na tatu, kwa kuku: mimi. Na namba ishirini na mbili, kwa kuwa gari lake lilikuwa la kwanza nyuma yetu: Bi Miwani. Mwaka mzima, bega kwa bega. Hajanisemesha. Lakini saa tano jua lilipokuwa kali, alisukuma mwavuli wake kwa mguu mpaka kivuli kikafika kwenye miche yangu. Akijifanya anaua mdudu.

Yule kuku alikuja. Tulimfukuza wote wawili.

Jumapili, 29 Machi

Nimelala vizuri. Nimewaza vizuri pia.

Mama yako amekuja na mafuta ya kunichua palipopigwa na mkoba. Amesema ile safari ya jana ilikuwa ya dakika hamsini mpaka njia panda, na kwamba tungetoka nusu saa mapema kwa pikapu ya kawaida, tukiwa nyuma ya mkokoteni njia nzima, tungekuwa namba mbili. Amepiga hesabu kwenye karatasi na kuniachia. Nimeifungia mbegu za bamia.

Baba yako amekwenda kumwomba radhi mwenye gari. Amekwenda kwa pikapu, kwa hiyo atafika mwezi wa nne.

Mimi nimeona kosa liko wapi. Watu watasema kosa ni haraka. Sivyo. Kosa ni aina ya gari. Gari la maiti watu wanalipisha, sawa, lakini baada ya kulipisha wanalifuata. Hapo ndipo tulipoharibikiwa. Kinachotakiwa ni gari ambalo watu wanalipisha na hawalifuati, na trafiki akiliona hatangulii, anakaa pembeni. Nimewaza usiku kucha ni gari gani hilo. Asubuhi nikakumbuka mjukuu wangu anafanya kazi wapi.

Bi Miwani nimemdokeza kwa simu. Kwanza alikata. Kisha akapiga yeye, akauliza nafasi zitakuwa ngapi.

Msimamizi atapaka rangi tena Machi ijayo, muda upo wa kutosha. Kwa hiyo ukimaliza kusoma, rudisha pini zangu mahali pake, nenda jikoni, kuna sufuria imefunikwa, ule mpaka nione mashavu. Na ukija mara nyingine, usikae tena miezi mitano, na usiniletee mkate wala kitenge. Niletee king'ora. Kidogo tu, cha kufunga juu ya pikapu. Uje Ijumaa ulale hapa, Jumamosi tunatoka pamoja.

Tunatoka saa moja kamili. Baada ya chai.